Manne au Mawili: Hesabu ya Matairi ya Nyuma Kwenye Njia ya Nariokotome

Lami inayotoka Lodwar inaelekea Kalokol. Anayekwenda Kataboi, Nachukui, Nariokotome na Lowarengak huiacha, na kuanzia hapo, kwa sehemu kubwa ya safari, ni mchanga na mawe. Milima iko magharibi, Ziwa Turkana liko mashariki, na njia inapita katikati kuelekea kaskazini. Kwa hiyo kila laga, yaani mto wa msimu, inayoshuka milimani kwenda ziwani lazima uikate: Lomekwi, Nachukui, Kokiselei, Nariokotome yenyewe. Majina haya wanayajua wataalamu wa visukuku dunia nzima, maana ni Nariokotome ambako Kamoya Kimeu aliokota mwaka 1984 kipande cha kwanza cha fuvu la yule Kijana wa Turkana, aliyekufa miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Madereva wanayajua kwa sababu nyingine. Laga ikikauka inabaki mchanga laini, na kingo zake ni mawe meusi ya volkeno yenye makali.

Wanaopita hapa ni wa aina tatu. Kuna malori ya samaki na ya vyakula, ambayo nyuma yana matairi pacha, mawili kila upande. Kuna Land Cruiser za misheni, za serikali ya kaunti na za mashirika, zenye tairi moja kila pembe. Halafu kuna magari-nyumba: lori dogo, mara nyingi Canter au Isuzu, lililobebeshwa sanduku lenye kitanda, jiko na tangi la maji. Wengi wa wenye magari hayo ni wageni wanaovuka Afrika, ingawa siku hizi hata Wakenya wameanza kujitengenezea. Wote, wakishakwama mara mbili au tatu mchangani, hufikia swali moja: kwa nini nisiyang'oe haya manne ya nyuma nikaweka mawili makubwa?

Jibu langu, ili msomaji asipoteze muda akilitafuta, ni kwamba kwenye njia ya Nariokotome mawili ni bora kwa kwenda, na manne ni bora kwa kuokolewa. Na kabla ya yote hayo kuna mizani, ambayo humaliza mjadala kwa wengi hata kabla haujaanza.

Tuanze na kazi ya matairi pacha. Yaliwekwa kwa ajili ya uzito tu. Chukua tairi la 7.50R16, ambalo ndilo tairi la malori madogo na la Land Cruiser nyingi za Turkana. Ubavuni mwake, kwa aina ya nyuzi 14, pameandikwa 122/118. Namba ya kwanza ni uwezo wake likiwa peke yake: kilo 1,500. Ya pili ni uwezo wake likiwa na pacha: kilo 1,320. Linapunguziwa kwa sababu pacha hawabebi sawasawa kamwe. Barabara ikiinama upande mmoja, au mmoja akipungukiwa upepo kidogo, mwenzake hubeba zaidi. Hata hivyo manne yakiwa pamoja yanabeba kilo 5,280. Ukiweka mawili ya aina hiyo hiyo unabaki na 3,000. Zaidi ya tani mbili za uwezo zimeyeyuka, na gari halijapungua hata kilo moja.

Watu huliruka hili wakidhani tairi nene litafidia lenyewe. Halifidii mpaka usome namba. Gari-nyumba la kawaida la ukubwa wa Canter, likiwa na maji, dizeli, betri, friji na spea, huweka kama tani nne kwenye ekseli ya nyuma, tena kwa urahisi. Maji peke yake, lita 300, ni kilo 300, na Turkana hakuna anayesafiri na tangi tupu. Kama tangi limefungwa nyuma ya ekseli, nguvu ya wenzo hufanya ekseli ibebe zaidi ya hizo 300, kwa kuwa uzito unaoning'inia nyuma huinua pua ya gari. Basi tafuta matairi mawili ya kubeba tani nne na akiba juu yake. Lile la 255/100R16, linalopendwa kwa magari ya jangwani, linabeba kilo 1,700: mawili ni 3,400, hayatoshi. La 285/70R19.5 linabeba kama 2,900: mawili ni 5,800, yanatosha kabisa, lakini ni tairi la lami, fupi, linalotaka upepo mwingi, na mchangani halikusaidii kitu. La 335/80R20, lile la Unimog, linabeba takriban 3,250: mawili ni 6,500. Hilo ndilo lenye uwezo na tabia unayoitaka. Tatizo ni kwamba lina kimo cha zaidi ya mita moja, na lile la 7.50R16 ni kama sentimita 80. Halitaingia chini ya sanduku lako bila kuinua sanduku au kukata.

Ndiyo maana nasema uende kwenye mizani kwanza. Nariokotome hakuna mizani, wala huko mbele hadi mpakani. Lipime gari likiwa limejaa, ekseli kwa ekseli, ukiwa bado Kitale au kusini zaidi. Mwenye gari lenye ekseli ya nyuma ya tani mbili na nusu ana uhuru wa kuchagua. Mwenye tani nne na nusu anajidanganya, isipokuwa awe tayari kuingia gharama ya matairi ya kijeshi na kila kinachofuatana nayo.

Sasa twende lagani. Gari la pacha linaingia mchangani. Matairi ya mbele yanachimba mfereji mmoja kila upande, yanaushindilia mchanga. Yanafuata ya nyuma, ambayo yamekaa mawili mawili, na hayaingii kwenye mfereji uliokwisha kushindiliwa: moja huangukia ukingoni mwake, au yote mawili huupanua, na injini inalipa kwa kusukuma mchanga mpya. Gari lenye tairi moja kila pembe, ikiwa upana wa mbele na wa nyuma ni sawa, linapita kwenye njia yake lenyewe. Majeshi yaligundua hili zamani. Malori ya Bedford ya jeshi la Uingereza, RL na baadaye MK, yalikuwa na tairi moja moja nyuma, na hayo hayo, yakiuzwa kama chakavu, ndiyo yaliyobeba watalii wa kuvuka Afrika katika miaka ya 1970 na 1980 chini ya kampuni kama Encounter Overland. Wamarekani walichelewa lakini walifika: lori lao la tani tano la M939 lilitoka kwanza na magurudumu 10, kisha matoleo ya A1 na A2 yakaja na 6 tu, ya ukubwa wa 14.00R20, na A2 likiwa na mtambo wa kujaza na kupunguza upepo gari likitembea.

Huo mtambo wa upepo ndio unaofichua siri ya jambo lote. Watu husema tairi pana linaelea mchangani. Kinachoelea ni upepo mdogo. Ekseli ya kilo 4,000 kwenye matairi yenye PSI 70, yaani karibu kilo tano kwa kila sentimita ya mraba, inaigusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba kama 800, yawe matairi manne au mawili. Shusha upepo hadi PSI 28 na eneo linakuwa kama 2,000. Hesabu hii ni ya kukadiria, maana ubavu wa tairi nao hubeba kidogo, lakini inaonyesha wapi nguvu ilipo.

Kwa nini basi mwenye pacha asishushe upepo akanyamaza? Kwa sababu pacha wakilegea matumbo yao hugusana. Kati ya tairi na tairi pana nafasi ya vidole vichache tu. Upepo ukipungua, mbavu zinatuna, zinasuguana, zinachemka, na jiwe likiingia hapo katikati linatafuna zote mbili. Kuna pia adha ndogo ambayo ukiwa chini ya gari kwenye jua la Lodwar si ndogo hata kidogo: vali ya tairi la ndani imejificha nyuma ya rimu, unaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, chuma kinakuunguza, na kipima upepo hakikai sawa. Madereva wengi hawapimi kabisa la ndani. Wanalipiga kwa rungu au kwa nyundo na kusikiliza. Lenye upepo linalia kwa mdundo, lisilo na upepo linaitika kwa sauti iliyokufa. Dereva mzoefu hakosei sana kwa njia hii, lakini rungu halikwambii kama ni PSI 60 au 40, na tofauti hiyo ndiyo inayolipua matairi.

Hilo jiwe la katikati linastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndilo malalamiko makubwa ya pacha katika nchi ya mawe. Linaingia likiwa saizi ya ngumi wakati lori linapanda kingo za laga. Linabanwa na matairi mawili yaliyojaa, na kwa kila mzunguko linajichimbia zaidi. Lori likisimama, tanboi, yaani msaidizi wa dereva, huliona jiwe, kama ataliona. Anachukua mtaimbo, anauingiza kati, anajaribu kuling'oa. Likikataa, hushusha upepo wa tairi la nje, au huinua lori kwa jeki na kulifungua tairi kabisa. Wasipoliona, husafiri nalo hadi Lodwar, na pale fundi wa tairi akilitoa anakuta ubavu wa la ndani umekatika hadi kwenye nyuzi. Kuziba tundu la mwiba ni kazi ya kila siku, ila ubavu uliokatika hauzibiki kwa usalama, hata kama wapo watakaokuwekea kiraka na kukuombea safari njema.

Kwa hiyo kwa mchanga na kwa mawe, tairi moja linashinda. Lakini tairi lipi? Hapa ndipo biashara inapotuchanganya. Mwaka 2000 Michelin ilileta X One kwa malori ya Marekani, tairi pana sana la kushika nafasi ya pacha. Lengo lilikuwa kupunguza uzito na mafuta kwenye barabara kuu, na hilo lilifanya. Ni tairi pana na fupi. Lete tairi la namna hiyo lagani na litasukuma mchanga mbele yake kama mtu anayetembea ziwani akiwa amebeba ubao kifuani. Tairi linalofaa Turkana ni refu kwa kimo. Likilegezwa upepo, alama yake ardhini hurefuka kwenda mbele na nyuma, na upana hauongezeki sana. Linapanda juu ya mchanga badala ya kuusukuma, na linavuka jiwe ambalo fupi lingeligonga. Angalia Land Cruiser za Lodwar: matairi membamba, marefu, na zinafika kila mahali. Mgeni anayekuja na matairi manene ya kupendeza macho huzikuta zimeshatangulia.

Mpaka hapa pacha wanaonekana wameshindwa. Twende sasa upande wa pancha.

Turkana ni nchi ya miiba. Mbali na migunga ya asili kuna mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa na ambao sasa umefunga kingo za mito na vijia kuanzia Lodwar hadi Kakuma na Kalokol. Mwiba wake ni mgumu, mnyoofu, na unapenya tairi kama msumari. Gari la matairi sita lina nafasi nyingi zaidi za kuchomwa, hilo ni kweli. Lakini gari la pacha likichomwa moja nyuma halianguki. Linakaa juu ya lililobaki. Dereva anapunguza mzigo au mwendo, analitoa bovu, na kujikokota pole pole hadi kwa fundi. Gari la tairi moja likichomwa, limekwisha pale pale. Na likipasuka kwa mwendo, pembe nzima ya gari inashuka hadi kwenye rimu. Gari-nyumba ni refu, limebeba maji juu na vitu vya dari, na likishuka pembe ghafla linaweza kulala ubavu. Hofu ya kukwama kwa pancha moja ni mojawapo ya sababu zilizowafanya wenye malori wengi Marekani wabaki na pacha wao hata baada ya kuonyeshwa faida ya mafuta.

Halafu uliza: tairi jipya utalipata wapi? La 7.50R16 linauzwa Kitale, linauzwa Lodwar, utalipata Kakuma, na kama mfuko umekauka utapata hata lililotumika. Tyubu yake ipo, flapu ipo, na fundi anaijua kwa vidole vyake: anabandua kwa vyuma viwili na nyundo, anatoa tyubu, anaichovya kwenye karai la maji kutafuta mapovu, anakwaruza, anapaka gundi, anabandika, anarudisha. La 335/80R20 au la 395/85R20 ni la kuagiza. Likikatika ubavu Nachukui, unasubiri lisafirishwe kutoka Nairobi kama lipo, au kutoka Ulaya kama halipo, na wewe umekaa misheni ya Nariokotome ukinywa chai ya Wamisionari wa Mtakatifu Paulo. Ni watu wakarimu, lakini shughuli zao ni visima, mabwawa na zahanati, si kulea magari ya wageni. Anayeweka matairi ya namna hii abebe spea mbili kamili. Mbili, na kila moja ni uzito wa mtu mzima au zaidi, inayohitaji winchi ya kuishusha. Uzito huo nao unarudi kwenye ile ekseli tuliyoipima.

Kuna mabadiliko mengine yaliyoingia katika hesabu hii miaka ya karibuni, nayo ni lami. Barabara ya Kitale hadi Lodwar ilijengwa kwa msaada wa Norwei miaka ya 1980. Uhusiano wa Kenya na Norwei ulipovunjika mwaka 1990, matunzo nayo yalififia, na kwa miaka mingi watu waliendesha kando ya lami kwa sababu lami yenyewe ilikuwa mashimo matupu. Sasa njia ya kupitia Lodwar, Kakuma na Lokichoggio kuelekea mpaka wa Sudan Kusini imejengwa upya kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Safari ya Nariokotome imekuwa mamia ya kilomita za lami na kipande cha mwisho cha mchanga. Tairi la kijeshi lenye alama ya G ubavuni lina mwisho wa kilomita 90 kwa saa; la alama ya K, 110. Mtu anayetoka mchangani na PSI 28, akaona lami nyeusi imenyooka, akakanyaga mafuta kwenye joto la nyuzi 37, amejitafutia mlipuko mwenyewe. Kompresa nzuri kwenye gari la tairi moja si anasa. Bila hiyo hutashusha upepo kwa kuogopa kutoweza kuurudisha, na usipoushusha faida yote ya kubadilisha matairi imepotea.

Malori ya biashara hayana sababu ya kufikiria jambo hili, na wenye malori hawalifikirii. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inairuhusu ekseli ya nyuma yenye matairi manne kubeba tani 10. Ikiwa na mawili inapunguziwa, kwa kuwa tairi moja lenye upepo mwingi hubana uzito mahali pamoja na kuivunja lami haraka zaidi. Kwa mfanyabiashara anayepeleka unga Kakuma, kila tani iliyopotea ni nauli iliyopotea. Akikwama lagani ana tanboi, ana sepetu, na ana wenyeji ambao kwa malipo ya haki watamchimbia.

Basi gari-nyumba linabaki katikati: zito kama lori, lakini linataka kwenda kama Land Cruiser. Kwa mwenye ekseli nyepesi anayekusudia kweli kukaa kaskazini, miezi si siku, nampa ruhusa abadilishe. Kwa anayepita mara moja kuiona sanamu ya Kijana wa Turkana na kurudi, abaki na pacha wake, ashushe upepo kiasi mbavu zisigusane, abebe mbao za kuwekea chini ya magurudumu, na asimame kila baada ya laga kuangalia mawe.

Anayebadilisha asiishie kwenye tairi. Tairi la sentimita 94 mahali pa la 80 ni kuongeza kimo kwa asilimia 17.5: spidomita ikisema 60 unakwenda 70, gia ya kwanza inakuwa ndefu wakati mlima unaitaka fupi, na breki inashika kwa nguvu pungufu. Difu ibadilishwe, au dereva akubali gari zito. Mwenye bima aulizwe kabla, si baada ya ajali.

Na rimu. Rimu ya pacha imekunjwa sana kwa ndani ili mbili zikae mgongo kwa mgongo. Ukifunga moja peke yake, uzito hauangukii tena katikati ya beringi za habu, na upana wa nyuma haulingani na wa mbele, kwa hiyo hata ile faida ya kufuata mfereji unaikosa. Rimu sahihi zinatengenezwa, Australia hasa, kwa ajili ya Canter na Isuzu za magurudumu manne ya kuvuta. Ni ghali. Ndiyo maana wapo wanaopeleka rimu zao za zamani kwa mchomeleaji azikate katikati, azisogeze na kuziunga upya. Nimeziona zimepakwa rangi, zinang'aa. Weldi hiyo inabeba tani mbili, inapigwa na kila jiwe kati ya Kataboi na Nariokotome, na haijapimwa na mtu yeyote. Kama bajeti inafika hapo tu, pacha wabaki.